Alama Nne za Mama Kijiko

"Usiniambie habari za mfumo, mwalimu. Mfumo haujawahi kusimama kaunta. Mimi nadai alama zangu nne."

Mkufunzi wa uchanganyaji dawa alikuwa na funguo mkononi, mguu mmoja ndani ya ofisi na mwingine nje, anatafuta upenyo. Upenyo haukuwepo. Mama Kijiko hakuwa mnene, ila alijua kusimama mlangoni. Miaka kumi na saba ya kuuza dawa ilikuwa imemfundisha kusimama mahali ambapo mteja mkorofi hapiti.

"Mama, hili tulilizungumza Jumanne."

"Ulilizungumza wewe. Mimi nilisikiliza."

"Basi nikakueleza kwamba mfumo ndivyo ulivyo. Umebonyeza maji mara mbili, mfumo unataka mara moja. Sasa nifanyeje?"

"Ufanyeje? Kwani wewe ni mfamasia au mlinzi wa kompyuta?"

Wanafunzi waliokuwa wakipita kwenye korido walipunguza mwendo. Mmoja alitoa simu kabisa, akajifanya anatafuta mtandao. Mkufunzi aliwaona, akashusha sauti. Alisema kuna nafasi ya kurudia swali siku ya Alhamisi, chumba cha kompyuta, saa nne asubuhi. Arudie, abonyeze mara moja, afaulu, mambo yaishe. Alisema kwa upole, na upole ule ulimchoma Mama Kijiko kuliko matusi. Alijiona anabembelezwa kama mtoto anayekataa kumeza kidonge.

"Yaani nikakosee kwanza," alisema, "ndipo mnipe alama."

Mkufunzi alifunga mlango, akaomba njia. Mama Kijiko alimpisha kwa sababu hata hasira haikumwondolea adabu, lakini alimpisha kidogo tu, yule bwana akapita kwa ubavu kama kaa.

Jina la Mama Kijiko alipewa na wateja. Ukinunua kwake dawa ya maji ya mtoto, pesa hazijafika mkononi mwake ameshauliza, "Nyumbani una kijiko cha kupimia?" Na ole wako ujibu kwamba unacho cha chai. Utasimama hapo usomewe, na watu nyuma yako kwenye foleni watacheka, na mwisho utaondoka na kijiko cha plastiki chenye alama, umekipenda usikipende. Mkufunzi naye alikuwa na jina lake, Mzee Mfumo, ingawa kichwani hakuwa na mvi hata moja. Wanafunzi ndio waliompa. Mhadhara haufunguki, atasema mfumo. Mahudhurio yako yameandikwa hukuja, na ulikaa mstari wa mbele ukimtazama puani, atasema mfumo. Ungedhani ni mjomba wake, jinsi alivyomtaja kila saa.

Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya swali la kumi na moja.

Chuo kilikuwa kimenunua programu ya kufundishia kuchanganya dawa. Badala ya kwenda maabara, mwanafunzi anafungua simu au kompyuta, anaona chupa ya dawa ya watoto, ile antibaotiki inayotoka kiwandani ikiwa unga na kutiwa maji dukani. Pembeni kuna jagi. Unabonyeza jagi, maji yanapanda ndani ya chupa mpaka kwenye mstari, yanasimama. Unabonyeza "Tikisa", chupa inacheza. Kengele inalia, nyota zinaruka, alama nne zako.

Mama Kijiko hakufanya hivyo. Alifanya alivyokuwa akifanya dukani kila siku. Alibonyeza jagi akaachia maji yakiwa nusu, akatikisa, kisha akabonyeza jagi tena akajaza mpaka mstarini. Skrini ikawa nyekundu. "Hatua imerudiwa. Alama 0."

Na yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Maji yote ukiyamwaga kwa mara moja, unga unashikana chini ya chupa kama saruji. Kwa macho, maji yamefika mstarini, chupa imejaa. Ukitikisa, ule unga ukianza kuyeyuka, maji yanashuka chini ya mstari, na madonge mengine hayayeyuki mpaka siku ya tatu. Mtoto anakunywa maji matupu leo, keshokutwa anakunywa kijiko kimoja chenye ukali wa vijiko vitatu. Ndiyo maana mtu anayejua kazi anaigonga chupa kwanza unga ulegee, anatia maji nusu, anatikisa mpaka unga wote uloe, ndipo anaongeza hadi mstarini na kutikisa tena. Hata karatasi ya kiwandani inasema hivyo, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa.

Alama zake zote zilikuwa arobaini na nane. Kufaulu ni hamsini. Mwenye chini ya hamsini haingii kwenye orodha ya kwenda hospitalini kwa mafunzo ya vitendo, na orodha ilikuwa inabandikwa Jumatatu. Ukiikosa unasubiri mwaka mzima. Mama Kijiko hakuwa na mwaka wa kusubiri. Wakaguzi walikuwa wameshapita madukani na kusema kuanzia mwaka unaofuata asiye na cheti haruhusiwi kugusa dawa. Mwenye duka, mwanamke mpole wa sura na mkavu wa maneno, alimwambia bila kupepesa, "Dada, mwaka ujao ama uje na cheti, ama ushike ufagio."

Ufagio ndio alioanza nao kazi. Hakuwa na hamu ya kuurudia.

Asije mtu akasema mwanamke huyu aliichukia simu tu kwa sababu ya umri. Umri wake ulikuwa miaka arobaini na mitatu, na simu aliipenda. Mihadhara iliyorekodiwa aliisikiliza akipanga makopo kwenye rafu, waya mmoja sikioni na sikio la pili kwa wateja. Majina ya dawa yaliyowatoa jasho vijana, yeye aliyashika kwa kusikia, akiyarudia kwa sauti mpaka mteja mmoja akauliza kama anaomba dua. Kulikuwa na mchezo wa kadi kwenye simu, unaonyeshwa jina la dawa unataja kazi yake. Darasa zima walishindana, na kwa wiki mbili mfululizo jina la juu lilikuwa lake, hadi vijana wakalalamika kwamba mama anatumia uzoefu, ni kama kuiba. Kwa hiyo simu haikuwa na kosa naye. Kosa lilikuwa la mtu aliyekaa mahali na kiyoyozi chake akatengeneza chupa bila kuwahi kushika chupa.

Siku ile ya korido, kabla hajafika getini, ugomvi ulikuwa umeshafika kwenye kikundi cha darasa kwenye simu. Mtu aliweka picha yake akiwa mlangoni, amenyoosha kidole. Chini wakaandika. Mmoja aliandika kwamba wazee wanatuchelewesha. Mwingine akaandika, "Mama bonyeza tu mara moja, utakufa?" Wa tatu akaweka picha ya kijiko.

Aliyemwonyesha ni Bando. Binti huyu alikaa naye dawati moja tangu mwaka wa kwanza, na jina lilitokana na ukarimu wake wa kuwagawia wenzake intaneti. Alikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka kona hadi kona, na kwenye kioo hicho alisoma vitabu vizima vya famasia, ukurasa kwa ukurasa, akiusogeza kwa kidole gumba.

"Mama, mimi nakwambia kama mwanao," Bando alisema wakiwa wamekaa kwenye ngazi za maktaba. "Alhamisi bonyeza mara moja. Unapoteza nini?"

"Wewe ulibonyeza mara ngapi?"

"Mara moja. Tulikubaliana kwenye kikundi. Mtu wa mwaka juzi alituma majibu."

"Na ungekuwa na chupa ya kweli, ungefanyaje?"

Bando alicheka kidogo. "Chupa ya kweli nitaipata wapi? Maabara imefungwa tangu tuje. Mimi sijawahi kushika chupa ya dawa isipokuwa nikiumwa."

"Mwaka wa pili huu."

"Mwaka wa pili, mama. Lakini usiitukane programu sana. Bila simu mimi nisingekuwa hapa. Kitabu kimoja cha famakolojia ni kodi ya baba ya miezi mitatu. Nyinyi mna maduka ya kujifunzia. Sisi wengine tuna hii," akainua simu iliyopasuka.

Mama Kijiko aliitazama ile mipasuko, na hasira ikamzidi, safari hii hasira isiyojua iende kwa nani.

Nyumbani mumewe, fundi viatu, alisikiliza kisa chote akiwa na misumari midogo mdomoni, jambo lililomfanya msikilizaji mzuri. Alipoitoa misumari alisema, "Mke wangu, mteja akitaka soli ya njano kwenye kiatu cheusi, mimi napiga ya njano. Anaondoka nayo. Wewe wape soli yao ya njano, ukifika dukani fanya kazi yako unavyoijua."

"Soli haimlazi mtoto hospitali."

"Sasa unataka cheti au unataka kushinda?"

"Nataka vyote."

"Haya," mumewe akasema, akarudisha misumari mdomoni.

Yapo mambo mumewe aliyoyajua na hakuyataja, kwa sababu ndoa ya miaka ishirini inamfundisha mtu pa kukanyaga. Mwaka wa kwanza dukani, Mama Kijiko akiwa bado mfagiaji anayesaidia kaunta pakijaa, alichanganya chupa ya aina ileile. Hakuna aliyemfundisha. Alimwaga maji mpaka mstarini, akatikisa mara tatu, akampa mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni. Siku ya nne mwanamke alirudi na chupa, akaigeuza juu chini juu ya kaunta. Kitu kikagonga ndani. "Dada, dawa yako ina mawe," alisema. Mtoto alikuwa amelazwa siku hiyo asubuhi, akakaa wodini siku tisa. Alipona. Lakini yule mwanamke kila alipopita barabara ya duka alivuka kwenda upande wa pili, na Mama Kijiko alimwona akivuka, mwaka baada ya mwaka, na yule mtoto akirefuka pembeni yake.

Alhamisi saa nne aliingia chumba cha kompyuta. Walikuwa watu sita wanaorudia, kila mmoja swali lake. Mzee Mfumo alikaa mbele na daftari la majina, akamwitikia salamu bila kumtazama. Chupa ikatokea. Jagi likatokea. Mama Kijiko alikaa dakika nzima mkono ukiwa juu ya kipanya. Alifikiria ufagio. Akafikiria Jumatatu.

Akabonyeza mara moja na kushikilia mpaka mstarini, akatikisa.

Kengele ikalia. Nyota zikaruka. "Hongera! Wewe ni mchanganyaji bora. Alama 4."

Watu wengine wangeshusha pumzi. Yeye damu ilimpanda mpaka akasikia mapigo kwenye meno. Kile kitu kilikuwa kimempongeza kwa kosa lililomlaza mtoto wa watu siku tisa, na kilimpongeza kwa nyota. Alisubiri watano wengine wamalize, chumba kikabaki na watu wawili, akaenda mbele.

"Umeona?" Mkufunzi alisema, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo alitabasamu. "Hamsini na mbili. Jina lako litakuwepo Jumatatu. Sasa tupumzike."

"Hizi chukua."

"Chukua nini?"

"Alama za leo. Sizitaki, nimezipata kwa uongo. Nataka zile za wiki iliyopita, nilizofanya kweli."

Tabasamu lilikufa. "Mama, umeshafaulu. Mtu aliyefaulu anadai nini?"

"Nadai kilicho changu. Mwalimu, nikuulize na unijibu kama mtu aliyesoma. Dukani kwako ungetia maji mara moja?"

Mkufunzi alifungua daftari, akalifunga.

"Hapana," alisema.

"Tangu lini unajua kwamba programu imekosea?"

"Tangu ilipoletwa. Miaka mitatu."

Angesema hajui, Mama Kijiko angemsamehe, asiyejua anafundishwa. Lakini huyu alijua. Miaka mitatu amekaa na jambo hilo kooni, amewapa nyota watu mia na zaidi, amewapeleka hospitalini wakachanganyie watoto dawa.

"Niliandika barua mbili," mkufunzi alisema haraka. "Kampuni haikujibu. Na sasa kuna tatizo lingine. Nikibadilisha jibu, kila aliyebonyeza mara moja anapoteza alama nne. Darasa zima isipokuwa wewe. Nimepiga hesabu, kumi na tisa wanashuka chini ya hamsini. Unataka niwaangushe wenzako kumi na tisa ili uwe na haki?"

Mlango ulikuwa wazi. Bando alikuwa amesimama hapo, amekuja kumsubiri rafiki yake atoke.

"Na mimi nimo?" aliuliza.

Mkufunzi akatazama daftari. "Una hamsini na moja."

Bando aligeuka akaondoka, viatu vyake vikapiga sakafu mpaka mwisho wa korido.

Kufikia alasiri kikundi cha darasa kilikuwa kinawaka. Hakuna aliyeweka picha ya kijiko safari hii. Waliandika mchawi, waliandika msaliti, mmoja aliandika kwamba mtu mwenye kazi yake anakuja kuharibia watoto wa watu maisha. Mama Kijiko alisoma yote akiwa nyuma ya kaunta, akaweka simu kifudifudi karibu na mizani, akamhudumia mzee wa dawa ya presha, akaigeuza, akasoma tena.

Ijumaa mchana Bando alitokea dukani. Hakusalimia.

"Umemwambia mkuu wa idara?"

"Bado. Naenda kesho asubuhi, huwa anakuwepo Jumamosi."

"Mama, unanichinja. Nimegawana na wewe kila kitu. Nilikufundisha hata kufungua hiyo barua pepe, siku ulipokuwa unaandika nywila yako mahali pa jina na darasa zima likaiona."

"Najua."

"Sasa?"

Mama Kijiko aliingia nyuma, kwenye sanduku la dawa zilizopita muda wake zinazosubiri kwenda kuharibiwa, akarudi na chupa moja ya unga na jagi la maji yaliyochemshwa yakapoa. Akaviweka juu ya kaunta.

"Nawa mikono. Changanya."

"Sijaja kufanya mtihani."

"Changanya, mwanangu. Hii haimfikii mtu, ni ya kutupwa."

Bando alinawa kwa hasira, akamimina kwa hasira. Maji yalipanda vizuri, yakagota kwenye mstari kama kwenye skrini. Akafunga kifuniko, akatikisa, akatikisa tena. Kisha akaiinua kwenye mwanga wa mlangoni.

"Mbona maji yameshuka?"

"Endelea kutikisa."

Alitikisa mpaka mkono ukachoka. Aliigeuza chupa juu chini, na donge jeupe la ukubwa wa punje ya hindi likaning'inia kwenye kitako, halitaki kutoka. Bando alilitazama muda mrefu. Aligonga kitako kwa kiganja. Donge likabaki.

"Na huyu mtoto anakunywaje hilo?" aliuliza.

"Hanywi. Linamsubiri siku ya mwisho."

Mteja aliingia kununua plasta, akahudumiwa, akatoka. Bando alikuwa bado ameshika chupa. Aliposema tena, sauti ilikuwa ya mtu aliyetapeliwa.

"Nilipata nyota tano kwa hili. Nilimpigia baba simu." Akaiweka chupa chini. "Miaka miwili nasoma kwenye kioo kilichopasuka, wananipa takataka."

"Si yote takataka."

"Najua si yote. Hata usianze kuwatetea." Alijifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Lakini hamsini na moja yangu naitaka. Baba hawezi kulipa mwaka mwingine."

Hapo ndipo Mama Kijiko alipotulia vya kutosha kufikiri, jambo ambalo kwa siku nne hakulifanya, hasira ilikuwa imekalia kiti cha akili. Mkufunzi alisema darasa linapoteza alama. Kwa nini lipoteze? Kosa si lao, wamefundishwa hivyo. Wapewe chupa. Atakayechanganya sawasawa kwa mikono yake apewe alama zake nne, na hakuna atakayemwambia ni za bure.

"Maabara ina chupa?" aliuliza.

"Kuna kabati limejaa vitu vilivyopita muda. Tuliliona kupitia dirishani."

"Basi kesho tunakwenda wote wawili. Na wewe ndiye utakayesema, mimi wananijua kwa ugomvi."

"Na mimi je, wananijua kwa nini?"

"Kwa bando. Watu humsikiliza anayewapa kitu."

Jumamosi mkuu wa idara, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, aliwasikiliza bila kukatiza. Bando alieleza, akaweka juu ya meza chupa ya jana, donge likiwa bado limeganda palepale. Mkuu wa idara aliigeuza mara mbili. Akamwita Mzee Mfumo kutoka chumba cha pili.

"Ulijua?"

"Niliandika barua, mama."

"Barua uliiandikia kampuni. Mimi ofisi yangu ni mlango wa pili kutoka kwako." Aliivua miwani ikaning'inia. "Kafungue maabara. Waite wote. Leo."

Wakaja. Arobaini na wanne katika darasa la hamsini na moja walifika kabla ya saa nane, wengine wamenuna, wengine hawajui wameitiwa nini. Maabara ilinuka vumbi na dawa ya mende. Chupa za unga zilikuwa thelathini, ikabidi wachanganye wawili wawili, mmoja akishika na mwingine akieleza hatua. Mkufunzi alisimama mbele na kwa sauti ndogo akaonyesha: gonga, nusu, tikisa, jaza, tikisa. Alikuwa na mikono mizuri ya kazi, hata Mama Kijiko alikiri moyoni, na kukiri huko kulimkera, kwamba mtu mwenye mikono ile alikaa miaka mitatu akiwaachia watu kubonyeza picha.

Wengi walikosea mara ya kwanza. Kijana mmoja, yule aliyeandika msaliti, hakugonga chupa, unga ukashikana upande mmoja kama nyumba ya mchwa, akatazama huku na huku.

"Mama," aliita kwa sauti ya chini. "Hili linatokaje?"

"Liulize jagi lako la kwenye simu," Mama Kijiko alisema. Lakini alikwenda. Aliishika chupa, akaigonga kwenye kiganja upande ulioshikana, akamwonyesha namna ya kuizungusha kabla ya kutikisa. "Na ukimaliza ufute ulichoandika."

"Nimeshafuta."

"Ulifuta lini?"

"Sasa hivi nafuta," akasema, akajifuta mkono kwenye suruali na kutoa simu. Waliokuwa karibu walicheka.

Wote waliofika walipata alama zao. Saba ambao hawakuja waliandikiwa waje Jumatatu alfajiri, kabla ya orodha. Bando alipata nne zake, akalala na hamsini na moja yake ileile, lakini alitoka ameibeba chupa aliyoichanganya kama mtu aliyebeba yai.

Mama Kijiko alibaki. Alisubiri mkufunzi afunge kabati, azime taa, atoke. Mlangoni walikutana tena, mahali palepale.

"Mama, si umeridhika?"

"Darasa umelilipa. Mimi bado."

Mkufunzi aliguna, akafungua ofisi. Kwenye droo ya chini, chini ya karatasi za zamani, kulikuwa na fomu ya kusahihisha matokeo. Kumbe ilikuwepo siku zote. Alikaa, akachomoa kalamu, akajaza namba ya usajili, swali la kumi na moja, tarehe ya mtihani wa kwanza. Alama za Alhamisi akazikata kwa mstari mmoja. Akaandika arobaini na nane, akaikata, pembeni akaandika hamsini na mbili, akatia sahihi. Mahali pa sababu aliandika sentensi moja, akamsogezea.

Mama Kijiko alivaa miwani. Alisoma taratibu, kidole kikifuata maneno, kisha akairudisha karatasi mezani na kuweka kidole mahali.

"Umeandika 'mwanafunzi amefikiriwa'. Nani amenifikiria?"

"Ni lugha ya ofisi tu."

"Kata."

Akakata.

"Andika 'mwanafunzi alikuwa sahihi'."

Mkufunzi alishika kalamu hewani kidogo. Nje mtu alikuwa akifagia korido, ufagio ukipita na kurudi. Akaandika. Baada ya nukta akaongeza kwa hiari yake, kwa herufi ndogo, kwamba programu ilikuwa imekosea na yeye alijua. Akatia sahihi mara ya pili chini ya hayo.

Mama Kijiko akasoma tena mpaka mwisho. Akavua miwani, akaiweka kwenye mkoba na kuufunga zipu.

"Basi, mwalimu," akasema. "Hatudaiani."